Mazoezi mara mbili kwa siku: asubuhi sawa, alasiri miguu inagoma. Kasoro iko kwenye chakula au maji?

mbio_za_alfajiri

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojua lishe ya mbio ndefu.

Uzito ni kilo 64. Jumanne na Ijumaa ratiba ina mazoezi mawili. Asubuhi kilomita 20 mwendo wa wastani, saa 12:15 hadi saa 2:00. Alasiri, saa 9:30, mizunguko ya kasi: mita 1,000 mara sita. Ukijumlisha kupasha na kupoza mwili inafika kilomita 10. Asubuhi hakuna shida. Alasiri mizunguko miwili ya kwanza inakubali, kuanzia wa tatu miguu inakuwa mizito, muda unaongezeka sekunde 8 hadi 10, na mapigo ya moyo hayapandi kufika yanakotakiwa. Pumzi ipo, miguu ndiyo haipo.

Chakula cha siku hizo: kabla ya mbio chai isiyo na sukari. Njiani maji mililita 300. Nikimaliza, unga wa protini gramu 25 kwenye maji. Saa 4:00 mayai matatu. Saa 7:30 mchana wali, maharage, mboga za majani nyingi na parachichi. Mizani inasoma 64.0 kabla ya mbio na 62.6 baada ya mbio.

Je, niongeze protini? Au ni maji hayatoshi?

---

mizani_na_sahani

Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe kwenye ratiba yako. Kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 7:30 mchana hujala wanga wowote wa maana. Unga wa protini, mayai, maji: saa tano na nusu nzima misuli inasubiri wanga haupati. Halafu saa 7:30 unakula mlo mkubwa wenye nyuzinyuzi na mafuta mengi, na saa mbili baadaye unaanza kukimbia kwa kasi huku sehemu ya mlo huo bado iko tumboni.

Misuli huhifadhi wanga kama glaikojeni. Mtu mzima aliyekula vizuri huwa na takriban gramu 400 hadi 500 kwenye misuli na gramu 80 hadi 100 kwenye ini. Kilomita 20 za asubuhi, tena ukiwa hujala, zinakula sehemu kubwa ya akiba hiyo. Mwili ukipewa wanga wa kutosha unahitaji karibu saa 20 hadi 24 kuijaza upya kabisa. Wewe una saa saba na nusu. Kwa hiyo huwezi kujaza yote, unachoweza ni kurudisha kiasi cha kukutosha mizunguko sita.

Muda una uzito hapa. Saa mbili za kwanza baada ya mazoezi misuli inavuta sukari kutoka kwenye damu kwa urahisi kuliko baadaye, na kimeng'enya kinachotengeneza glaikojeni kinafanya kazi kwa nguvu. Ukichelewa saa mbili, kasi ya kujaza katika saa zinazofuata inaweza kushuka karibu nusu. Anayefanya mazoezi mara moja kwa siku haimhusu sana, kesho yake atakuwa amejaza tu. Anayerudi uwanjani siku hiyohiyo inamhusu kwelikweli.

Kipimo kinachotumika pengo likiwa chini ya saa nane: gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya uzito, kila saa, kwa saa nne za kwanza. Kwako ni gramu 64 hadi 77 kwa saa, jumla 256 hadi 307. Usile zote kwa mkupuo. Gawa hivi:

Saa 2:15: ndizi mbivu mbili za wastani na maziwa nusu lita. Wanga kama gramu 74, na maziwa hayo yana protini gramu 16 hadi 17.

Saa 3:15: wali mweupe uliopikwa gramu 250 (upime ukiwa umeiva, si mchele mkavu), wanga gramu 70. Weka yai moja au mawili na chumvi ya kawaida.

Saa 4:15: vipande vinne vya mkate mweupe na kijiko kimoja cha mezani cha asali, kama gramu 73.

Saa 5:15: viazi vya kuchemsha bila maganda gramu 220 na nusu lita ya kinywaji cha sukari na chumvi (kipimo nakiacha kwa wataalamu wa maji, najua wapo humu). Inakaribia gramu 70.

Saa 6:45: mlo wa mchana mdogo. Wali gramu 200, samaki au kuku asiye na mafuta gramu 80, mboga kidogo sana. Maharage, parachichi na majani vihamishie usiku. Ni vyakula vizuri, ila nyuzinyuzi na mafuta huchelewesha tumbo kumwaga chakula kwenda kwenye utumbo, na mizunguko ya kasi haisamehe tumbo lililojaa.

Saa 9:00: ndizi moja ukijisikia njaa. Usipojisikia, acha.

Ndiyo, mkate mweupe na wali mweupe. Siku za kawaida nafaka isiyokobolewa ni bora, lakini kwenye pengo hili tunataka kitu kinachopita haraka.

Na jambo ambalo wengi hawaligusi: punguza hasara yenyewe asubuhi. Ndizi moja au vipande viwili vya mkate nusu saa kabla ya kutoka, kisha gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa ukiwa njiani. Ni rahisi kuchimba shimo dogo kuliko kufukia kubwa. Tumbo lisilozoea kula ukikimbia litalalamika wiki za mwanzo, kwa hiyo anza na gramu 30 kwa saa, panda taratibu.

---

chuma_na_jasho

Naheshimu mchango wa hapo juu, ila mnaipuuza protini. Dirisha la kula protini baada ya mazoezi ni dakika 30, ukilikosa misuli inaanza kujila. Mimi ningemwambia apandishe hadi gramu 50 mara tu anapomaliza, wanga baadaye.

---

mizani_na_sahani

Hapana mkuu. Dakika 30 za protini ni habari ya zamani iliyokuzwa. Misuli inabaki tayari kujenga kwa saa 24 na zaidi baada ya mazoezi. Linalobeba matokeo ni jumla ya siku na jinsi ulivyoigawa: kwa mkimbiaji anayejituma gramu 1.6 kwa kilo zinatosha, yaani kwake kama gramu 102 kwa siku. Zigawe sehemu nne au tano, kila moja gramu 0.3 kwa kilo, ambazo ni karibu gramu 20, ukiachanisha saa tatu hadi nne. Kabla ya kulala sehemu inaweza kufika gramu 30 hadi 40, kwa sababu usiku ni mrefu bila mlo. Maziwa au mtindi mzito vinafaa hapo.

Gramu 50 kwa mpigo hazimdhuru mtu mwenye figo nzima, lakini zinamshibisha. Akishashiba protini hatakula wanga, na hilo ndilo lililomfikisha hapa.

Kuna hali moja tu ambapo protini inasaidia kujaza glaikojeni: ukishindwa kufikisha wanga gramu 1 kwa kilo kwa saa. Ukiishia gramu 0.8, ongeza protini gramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo kwa saa, utafika karibu palepale. Ukishafikisha wanga wote, protini ya ziada haiongezi kasi ya kujaza. Kazi yake inabaki kukarabati misuli.

---

kipimo_cha_maji

Kuhusu maji. Umepoteza kilo 1.4 huku umekunywa lita 0.3, kwa hiyo jasho ni kama lita 1.7 kwa saa moja na dakika 45. Ni karibu lita moja kwa saa, si ajabu. Kilo 1.4 kati ya 64 ni asilimia 2.2. Asilimia 2 ndipo wengi huanza kuona mwendo unashuka, hasa kwenye joto.

Dalili zako hata hivyo hazielekei sana kwenye maji. Aliyepungukiwa maji kwa kawaida mapigo yake yanakuwa juu kuliko kawaida kwa mwendo uleule, maana damu imepungua ujazo na moyo unafidia. Wewe mapigo hayapandi, miguu inakata kabla. Hiyo inafanana zaidi na glaikojeni. Rekebisha yote mawili.

Kurudisha: zidisha kilo zilizopotea kwa lita 1.25 hadi 1.5. Kwako ni lita 1.75 hadi 2.1, zisambazwe kuanzia saa 2:00 hadi kama saa 8:00. Unazidisha kwa sababu figo zinaendelea kutoa mkojo wakati unakunywa. Lita mbili ndani ya dakika 20 nyingi utazikojoa. Maziwa nusu lita na kinywaji nusu lita alivyopanga mwenzangu vinahesabiwa humo, kwa hiyo maji matupu yanayobaki ni kama lita moja.

Kinywaji cha kutengeneza mwenyewe:

Maji safi lita 1. Sukari gramu 60, yaani vijiko vitano vya mezani vilivyofutwa juu visiwe na mlima. Chumvi robo kijiko cha chai, kama gramu 1.5, ambayo ni takriban miligramu 600 za sodiamu. Limau au chungwa kwa ladha. Koroga sukari na chumvi kwenye maji kidogo ya moto kwanza, kisha ongeza ya baridi. Kiweke mahali pa baridi, na kikipita saa 24 kimwage.

Makosa yanayoonekana sana: kijiko cha sukari chenye mlima kinaweza kukupeleka zaidi ya gramu 100 kwa lita. Kinywaji kizito hivyo kinakaa tumboni na kuvuta maji kuingia kwenye utumbo, ndipo mtu anaharisha katikati ya mazoezi na kulaumu ndizi. Kosa la pili ni chumvi kwa kukadiria kwa vidole. Ikizidi, kinywaji kinaleta kichefuchefu na huwezi kukimaliza. Nunua mizani ndogo ya jikoni.

Sodiamu kwenye jasho inatofautiana sana kati ya watu, takriban miligramu 460 hadi 1,840 kwa lita. Tukichukua kadirio la miligramu 1,000, lita 1.7 zimekutoa gramu 1.7 za sodiamu, sawa na chumvi ya meza kama gramu 4.3, chini kidogo ya robo tatu ya kijiko cha chai. Milo yenye chumvi ya kawaida pamoja na hicho kinywaji inafidia. Huhitaji vidonge vya chumvi. Ukiona fulana na kofia zinakauka na michirizi myeupe, wewe ni wa upande wa juu, ongeza chumvi kidogo kwenye wali.

Na tahadhari: usijaribu kunywa hadi mkojo uwe kama maji. Sodiamu ya damu ikishuka chini ya milimoli 135 kwa lita, mtu anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, ikizidi anapata degedege. Huwakuta zaidi wanaokunywa maji mengi kwenye mbio za muda mrefu. Dalili rahisi ni mizani: ukimaliza mazoezi ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, umekunywa kupita kiasi. Rangi ya manjano hafifu inatosha. Ukimeza vitamini za kundi B mkojo utang'aa manjano kali hata kama maji yanatosha, usipime kwa rangi siku hiyo.

---

mbio_za_alfajiri

Shukrani sana wakuu. Nimeelewa wapi napotea. Maswali matatu ya ziada. Kwanza, baada ya kilomita 20 sina hamu ya kula kabisa, ndiyo maana huwa nachukua ule unga. Pili, kahawa kabla ya mazoezi ya alasiri inafaa? Tatu, maji ya barafu na dawa za maumivu kati ya mazoezi mawili?

---

mizani_na_sahani

La kukosa hamu: ni kawaida, mazoezi makali na joto hukata njaa kwa muda. Kunywa badala ya kutafuna. Saga ndizi mbili na maziwa yaleyale, weka kijiko cha asali, nywa kidogokidogo ndani ya dakika 40. Maziwa yakikusumbua tumbo tumia yasiyo na laktosi au mtindi wa kunywa. Kama hata hicho hakipiti, anza na kinywaji cha sukari na chumvi nusu lita, oga, upoe, tumbo litafunguka. Chakula cha baridi hupita kirahisi kuliko cha moto. Usianze na kitu cha kukaanga.

Kahawa: kafeini husaidia kwa miligramu 3 hadi 6 kwa kilo, ikinywewa kama saa moja kabla. Kwako kiwango cha chini ni kama miligramu 190, karibu vikombe viwili. Lakini piga hesabu ya usiku. Nusu ya kafeini hutoka mwilini kwa takriban saa tano, wengine zaidi. Ukinywa miligramu 190 saa 8:30 mchana, saa 1:30 usiku bado una 95, na saa 6:30 usiku una karibu 48. Unapata mizunguko mizuri unapoteza usingizi mzito, na hakuna chakula kinachofidia usingizi. Kwenye mazoezi ya kila wiki ningeihamishia asubuhi, ya alasiri ibaki kwa siku ya mashindano.

---

bega_na_goti

Nijibu la tatu, ndiyo kazi yangu.

Maji baridi: nyuzi 10 hadi 15, dakika 10 hadi 15, kiuno kuzama. Barafu iliyojaa pipa hadi nyuzi 3 haiongezi faida, inaongeza mateso na hatari ya kudhuriwa na baridi. Yanapunguza maumivu na hisia ya uchovu, hivyo yana nafasi pale unaposhindana mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Kwenye mazoezi ya kujenga nguvu usiyatumie mara baada ya kunyanyua vyuma: ukiyafanya mazoea, ukuaji wa misuli unapungua, kwa sababu unazima ishara zilezile ambazo mazoezi yalikusudia kuziwasha. Kwa Jumanne na Ijumaa zako sioni haja. Kama joto ni kali, oga maji ya baridi ya kawaida, inatosha kushusha joto la mwili. Na kumbuka maji baridi hayajazi glaikojeni hata gramu moja. Watu wanakaa kwenye pipa dakika 15 na kusahau kula.

Dawa kama ibuprofeni kati ya mazoezi mawili: usitumie. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, damu inayopita kwenye figo tayari imepungua, na dawa hizi zinabana zaidi njia ambayo figo hutumia kujilinda. Pia zinachubua ukuta wa tumbo na utumbo, ambao wakati wa mbio nao unapata damu kidogo. Maumivu ya kawaida ya misuli hayahitaji dawa. Maumivu ya sehemu moja ndogo ya mfupa, unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole na inauma hata ukitembea, hayo si ya kufunikwa kwa dawa. Simamisha mbio ukapimwe, inaweza kuwa ufa.

Hapo naongeza kitu ambacho hukuuliza. Jumlisha chakula chako cha siku nzima. Kukimbia kunatumia takriban kilokalori 1 kwa kilo kwa kilomita. Kilomita 30 mara kilo 64 ni kama kilokalori 1,920. Tuseme mafuta ya mwili ni asilimia 12, uzito usio wa mafuta unabaki kilo 56. Ili mwili uendeshe shughuli zake zote vizuri unahitaji karibu kilokalori 45 kwa kila kilo ya hizo baada ya kutoa gharama ya mbio: 45 mara 56 ni 2,520. Ongeza 1,920, unapata 4,440 kwa siku kama hiyo. Ukiwa kwenye 30 kwa kilo badala ya 45 jumla inashuka hadi 3,600, na kukaa huko au chini yake kwa wiki nyingi ndiko kunakoleta homoni kushuka, mifupa kudhoofika na mafua yasiyokwisha. Kwa wanawake hedhi kukosekana miezi mitatu mfululizo ni ishara ya kwenda kwa daktari, si ishara ya kuwa fiti. Kwa wanaume angalia hamu ya tendo la ndoa na usimamo wa asubuhi kupotea. Ratiba uliyoandika, nikikadiria hadi saa 9:30, haifiki hata 1,500. Cha usiku hujakitaja, lakini kingepaswa kuwa kikubwa ajabu kuziba kilichobaki.

---

kipimo_cha_maji

Naunga mkono hapo pa mwisho. Kama baada ya wiki tatu au nne za kula hivi miguu bado inagoma, omba kipimo cha damu: hemoglobini na feritini (inayoonyesha akiba ya chuma mwilini) pamoja. Hemoglobini inaweza kuonekana nzuri huku akiba ya madini ya chuma imekwisha. Usimeze vidonge vya chuma kwa kubahatisha, kuna watu ambao mwili wao hukusanya chuma kupita kiasi na kinaharibu ini. Ile chai iweke mbali na milo yenye chuma, angalau saa moja kabla na baada, na weka tunda chachu kwenye mlo wa maharage.

---

mbio_za_alfajiri

Cha usiku huwa wali na mboga, sahani moja. Naona pengo lilipo. Ijumaa hii naanza na ndizi kabla ya kutoka na chupa ya kinywaji njiani. Swali dogo: siku ambazo alasiri ni kukimbia polepole dakika 40 tu, nifuate ratiba hiihii ya kila saa?

---

mizani_na_sahani

Hapana. Siku hizo kula milo yako ya kawaida ukiwa na njaa, kifungua kinywa chenye wanga ndani ya saa mbili kinatosha, na maharage na parachichi virudi mchana. Ratiba ya kila saa ni ya siku ambazo zoezi la pili ni kali au refu. Jumla ya wanga kwa siku nyepesi inaweza kuwa gramu 5 kwa kilo, siku za Jumanne na Ijumaa ifike 7 hadi 8.